Maji yako yanachemka kwenye nyuzi ngapi? Mwongozo wa kukagua kipimajoto na kupima kuchemka na kuyeyuka

Maswali ninayoulizwa hayabadiliki. Mtu wa Eldoret anatumbukiza kipimajoto kwenye maji yanayotokota, anasoma 93, anataka kujua kama ameuziwa kibovu. Mwingine ana maelekezo ya keki yanayosema oveni iwekwe 350, na oveni yake inaishia 250. Mwanafunzi wa kidato cha pili ameandika kwamba nta ya nyuki inayeyuka kwenye nyuzi 71, na mwalimu kamkata maksi. Wote hawa wana shida moja: wanaiamini namba kabla ya kujua inatokana na kipimo gani, na kabla ya kukagua kifaa kilichoitoa.

Kazi ya kukagua haihitaji maabara. Barafu, maji ya moto na saa moja ya utulivu vinatosha, na ukishaifanya mara moja utaweza kupima nta, mafuta ya nazi au maziwa ukijua namba yako inasimama. Fuata hatua kwa mpangilio wake. Namba zote hapa ni za Selsiasi, isipokuwa nikitaja kipimo kingine.

Andaa kwanza

- Kipimajoto kinachofika angalau 110. Cha kioo chenye spiriti nyekundu kinachotumika mashuleni kinafaa, na cha kidijitali chenye sindano cha jikoni kinafaa pia. Cha kupimia homa hakifai kabisa: kinaishia 42, na kile cha kioo ukikitia kwenye maji ya moto kinapasuka.
- Barafu ya maji matupu. Zile barafu za ubuyu au za juisi wanazouziwa watoto usizitumie, kwa sababu sukari inashusha kiwango cha kuganda. Barafu ya madonge inayouzwa sokoni kwa ajili ya samaki ioshe vizuri kwanza, huenda ina chumvi.
- Maji ya mvua yaliyokingwa safi, au maji ya chupa. Maji ya kisima chenye chumvi yatakuchanganya.
- Kikombe kikubwa au themosi yenye mdomo mpana.
- Sufuria yenye kina, na nyingine kubwa zaidi ya kuiweka ndani yake kopo.
- Kopo safi la bati, na nta ya nyuki kiasi cha gramu 100.
- Saa au simu, daftari, kalamu.
- Mwinuko wa mahali ulipo kutoka usawa wa bahari. Simu nyingi zinauonyesha kwenye programu ya dira au ya ramani. Ikikosea mita 30 si neno.

Hatua ya 1: Jua unasoma kipimo gani

Tazama herufi iliyoandikwa kwenye kifaa. C ni Selsiasi, F ni Farenhaiti, K ni kelvini. Vipimajoto vingi vya kidijitali vina kitufe cha kuhamisha kutoka C kwenda F, na mara nyingi kinabonyezwa kwa bahati mbaya mfukoni au droo ikifungwa.

Barafu inayeyuka kwenye 0 ya Selsiasi, ambayo ni 32 ya Farenhaiti na 273.15 ya kelvini. Maji pwani yanachemka kwenye 100 ya Selsiasi, ambayo ni 212 ya Farenhaiti na 373.15 ya kelvini. Kutoka hapo kugeuza ni hesabu ya darasani tu:

- Farenhaiti kwenda Selsiasi: toa 32, zidisha kwa 5, gawanya kwa 9.
- Selsiasi kwenda Farenhaiti: zidisha kwa 9, gawanya kwa 5, jumlisha 32.
- Selsiasi kwenda kelvini: jumlisha 273.15.

Ukiwa jikoni huna kikokotoo, fanya hivi: chukua Selsiasi, iongeze mara mbili, toa sehemu ya kumi ya ulichopata, kisha jumlisha 32. Kwa 37 unapata 74, unatoa 7.4, inabaki 66.6, unajumlisha 32, unapata 98.6. Hilo ni joto la mwili, na ni sawasawa kabisa bila kukadiria.

Kwa hiyo ile keki ya 350 inatoka kwenye maelekezo ya Kimarekani, na oveni yako iweke kati ya 175 na 180. Ndugu yako aliyeko Ohio akikupigia kwamba mtoto ana homa ya 102, hiyo ni 38.9 yetu, homa ya kweli inayotaka kuangaliwa.

Hapa kuna kosa moja ambalo hata walimu hulifanya. Ile 32 inahusu kiwango cha joto, haihusu tofauti. Maji yakipanda kwa nyuzi 10 za Selsiasi, yamepanda kwa nyuzi 18 za Farenhaiti, si 50.

Hatua ya 2: Tafuta namba ya kuchemka ya mahali ulipo

Maji yanachemka mvuke wake unapoweza kuisukuma hewa iliyo juu yake. Kadiri unavyopanda mlima hewa inapungua uzito, na maji yanachemka mapema. Anders Celsius mwenyewe alilisema hili mwaka 1742 alipotangaza kipimo chake: kuyeyuka kwa barafu hakuyumbi, kuchemka kunafuata kanieneo ya hewa. (Yeye aliweka 0 kwenye maji yanayochemka na 100 kwenye barafu; ikageuzwa baadaye.)

Kwa matumizi yetu kanuni ni hii: kila mita 300 za mwinuko zinapunguza nyuzi 1. Gawanya mwinuko wako kwa 300, kisha toa jibu kwenye 100. Nimekufanyia miji michache:

- Dar es Salaam, Mombasa, mji wa Zanzibar: 100
- Bujumbura, kando ya ziwa, mita 780 hivi: 97.4
- Dodoma, mita 1,120 hivi: 96.3
- Kampala na Lubumbashi, mita 1,200 hivi: 96
- Arusha, mita 1,400 hivi: 95.3
- Kigali, mita 1,550 hivi: 94.8
- Mbeya, mita 1,700 hivi: 94.3
- Nairobi, mita 1,795 hivi: 94
- Eldoret, mita 2,100 hivi: 93

Kwenye kilele cha Uhuru, Kilimanjaro, mita 5,895, maji yanachemka kwenye 80 na kidogo. Basi yule wa Eldoret kipimajoto chake ni kizima.

Ndiyo sababu pia maharage ya Njombe au Limuru yanakula mkaa kuliko ya Tanga. Kuongeza moto hakusaidii: maji yakishachemka hayapandi tena, moto wa ziada unayageuza mvuke tu. Kinachosaidia ni kuloweka usiku kucha, au kutumia presha kuka, ambayo inabana mvuke na kuyafikisha maji karibu na 120.

Andika namba ya mahali pako juu ya ukurasa. Tutaiita namba ya mahali.

Hatua ya 3: Kagua kwa barafu

Hii ndiyo hatua inayoharibiwa sana, kwa sababu inaonekana rahisi. Watu hutia vipande viwili vya barafu kwenye bilauri ya maji na kuanza kupima. Hapo utasoma 3 au 4, kwa sababu maji ya nyuzi 4 ni mazito kuliko ya 0 na yanatulia chini, barafu ikielea juu.

1. Funga barafu kwenye kitambaa safi, iponde iwe vipande vidogo kama punje za mahindi.
2. Jaza kikombe chote kwa barafu hiyo, mpaka mdomoni.
3. Mimina maji baridi taratibu yajaze nafasi zilizo katikati ya vipande. Barafu isielee ikaacha maji matupu chini. Ikielea, punguza maji, ongeza barafu.
4. Koroga, acha dakika 3. Barafu iliyotoka kwenye friza ina baridi ya karibu −18, lazima ianze kulowa na kuyeyuka ndipo ifike 0.
5. Chomeka kipimajoto katikati, kisiguse upande wala kitako cha kikombe. Koroga tena polepole.
6. Subiri namba itulie kabisa, kisha iandike. Kwa cha kioo, macho yako yawe sawa na usawa wa spiriti. Ukitazama kutoka juu utasoma zaidi, ukitazama kutoka chini utasoma pungufu.

Ukipata kati ya −0.5 na 0.5, una kifaa kizuri. Ukipata 1 au hata 2, bado kinatumika, tutasahihisha. Ukirudia ukapata namba tofauti kila mara, tatizo si la kusahihisha. Nenda sehemu ya mwisho.

Hatua ya 4: Kagua kwa maji yanayochemka

1. Jaza sufuria yenye kina kwa maji, angalau kimo cha kiganja chako. Maji machache yanakuleta karibu sana na kitako.
2. Weka jikoni, bandika mfuniko mpaka yachemke, kisha funua.
3. Hakikisha yanachemka kweli. Vile viputo vidogo vinavyong'ang'ania pembeni kwenye nyuzi 60 au 70 ni hewa iliyokuwa imeyeyuka ndani ya maji. Kuchemka ni viputo vikubwa vinavyotoka chini na kupasukia juu bila kukoma, hata ukikoroga.
4. Shika kipimajoto kwa kibanio au kifunge kwenye mwiko uliolazwa juu ya sufuria, ncha yake iwe katikati ya maji. Usikishike kwa mkono mtupu juu ya mvuke: mvuke unaunguza kuliko maji yenyewe.
5. Subiri dakika 2, andika namba.

Kama kipimajoto cha kioo kimetoka tu kwenye barafu, kiache kipate joto la chumba kwanza. Kukitoa kwenye 0 na kukitosa kwenye 95 kunapasua kioo.

Chumvi ya mboga isikutie wasiwasi. Lita moja ya maji inahitaji kama gramu 58 za chumvi ili ipande nyuzi 1, na hakuna anayekula chakula cha chumvi hiyo. Hata maji ya bahari yanazidi kwa nusu nyuzi tu na kidogo.

Hatua ya 5: Sahihisha

Sasa una namba tatu: usomaji wa barafu, usomaji wa kuchemka, na namba ya mahali. Kila utakapopima kitu, fanya hivi:

Joto halisi = (ulichosoma − usomaji wa barafu) × namba ya mahali ÷ (usomaji wa kuchemka − usomaji wa barafu)

Tuseme uko Arusha. Kwenye barafu ulisoma 1, kwenye maji yanayochemka 97.3, na namba ya mahali ni 95.3. Umepima kitu ukasoma 64.5. Toa 1, unabaki na 63.5. Zidisha kwa 95.3, gawanya kwa 96.3. Jibu ni 62.8. Umeokoa karibu nyuzi 2, na kwa maziwa nyuzi 2 ni kubwa: kuyasafisha kwa njia ya polepole kunataka 63 kwa dakika 30 nzima, na kifaa kinachozidisha kitakuambia umefika kabla hujafika.

Andika fomula na namba zako kwenye karatasi, ibandike kwenye boksi la kipimajoto. Rudia ukaguzi kikianguka.

Hatua ya 6: Pima kiwango cha kuyeyuka cha nta

Usipime nta ikiwa inapata moto. Ipime inapopoa. Ikiwa motoni, sehemu iliyo karibu na bati imeshafika mbali wakati katikati bado ni gumu, na hivyo ndivyo yule mwanafunzi alivyopata 71.

1. Chemsha maji kwenye sufuria kubwa. Weka nta ndani ya kopo, na kopo ulitie ndani ya maji hayo. Kamwe usiweke kopo la nta juu ya moto moja kwa moja.
2. Nta ikiyeyuka yote, iache ifike 75 hivi, kisha litoe kopo na uliweke juu ya kitambaa kilichokunjwa, mbali na upepo.
3. Chomeka kipimajoto katikati, koroga polepole, andika joto kila dakika moja.
4. Namba zitashuka upesi, halafu zitagoma. Kwa dakika kadhaa zitasimama karibu mahali pamoja huku nta ikianza kuwa na ukungu na kuganda. Kisha zitaanza kushuka tena.
5. Ile namba iliyogoma ndiyo unayoitafuta. Kitu safi kinaganda na kuyeyuka kwenye joto lilelile.
6. Yeyusha nta tena ndipo utoe kipimajoto. Ukikivuta kwenye nta iliyoganda kitavunjika.

Nta safi ya nyuki inagoma kati ya 62 na 64. Ukipata chini ya 60 baada ya kusahihisha, ishuku: yawezekana imechanganywa na nta ya mishumaa, ambayo aina nyingi zake zinayeyuka mapema zaidi. Wanunuzi wa nta wanaojua kazi yao hukagua hivi, na mfugaji wa nyuki naye ana haki ya kujua thamani ya mali yake kabla hajaipeleka sokoni.

Hatua ya 7: Linganisha na namba zinazojulikana

Kuyeyuka:

- Zebaki: −38.8
- Mafuta ya nazi: 24 hivi
- Siagi ya kakao: 34 hivi
- Bati: 232
- Risasi: 327.5
- Alumini: 660
- Fedha: 962
- Dhahabu: 1,064
- Shaba: 1,085
- Chuma: 1,538

Mafuta ya nazi ndiyo yanayoleta maswali mengi. Chupa ileile inakuwa maji Mombasa na jiwe Mbeya mwezi wa Julai, na mnunuzi anadhani amepewa yaliyochakachuliwa. Hayana kosa. Joto la chumba limeshuka chini ya 24, basi yameganda.

Alumini na chuma zinaeleza kazi ya mafundi wa kusubu sufuria: mkaa uliopulizwa vizuri unavuka 660 na kuyeyusha vyuma chakavu vya alumini, lakini chungu cha chuma kinachobeba uji huo hakiyeyuki.

Kuchemka, kwa usawa wa bahari: asetoni 56, methanoli 64.7, ethanoli 78.4, maji 100, zebaki 357. Hewa tunayovuta nayo ina namba zake: oksijeni inachemka kwenye −183 na naitrojeni kwenye −196.

Mafuta ya taa, petroli na mafuta ya kupikia usivitafutie namba moja. Ni michanganyiko. Mafuta ya taa yanaanza kuchemka karibu 150 na kuendelea mpaka karibu 300. Mafuta ya kupikia hayafiki kuchemka jikoni kwako: yanatoa moshi, kisha yanawaka.

Usifanye haya

Usichemshe spiriti, asetoni wala petroli nyumbani ili kuona namba yake. Mvuke wake unatambaa chini mpaka kwenye moto na kurudi nao. Chukua namba hizo kwenye orodha, zimeshapimwa.

Usidhani kwamba kwa sababu methanoli inachemka kwenye 64.7 na ethanoli kwenye 78.4, basi kipimajoto kitakusaidia kuisafisha gongo. Viwili hivyo vinapanda pamoja kwenye mvuke, na methanoli kidogo tu inapofusha na kuua.

Usiyeyushe risasi ya betri za gari uani. Vumbi na moshi wake vinaingia damuni, na watoto ndio wanaoumia zaidi.

Nta au mafuta yakishika moto, usimwage maji. Zima jiko, funika kwa mfuniko, ondoka karibu.

Kipimajoto cha zebaki kikivunjika, fungua madirisha, toa watoto, kusanya matone kwa karatasi ngumu na uyafunge kwenye chupa. Usifagie, usitumie mashine ya kuvuta vumbi.

Ukikwama

*Uzi wa spiriti umekatika vipande.* Kiweke kipimajoto kwenye barafu yenye chumvi nyingi, kikiwa kimesimama wima, mpaka spiriti yote irudi kwenye kitumba cha chini. Kikipata joto taratibu uzi utaungana.

*Cha kidijitali kinatoa namba tofauti kila mara.* Badilisha betri kwanza. Kisha angalia kina: vingi vinapima kwa sehemu ya mwisho ya sindano, na sehemu hiyo yote lazima izame.

*Kwenye barafu ninasoma chini ya −1.* Kama kifaa kingine kinasoma vilevile, barafu yako ina chumvi. Tengeneza nyingine kwa maji ya chupa.

*Ninasoma 102 kwenye sufuria, niko Dar.* Ncha inagusa kitako. Inyanyue.

*Ninatumia kile cha kulenga kama bastola, kinasema maji yanayochemka yana 85.* Kifaa hicho kinasoma uso tu, na mvuke unakizuia. Kwenye sufuria inayong'aa kinadanganya zaidi, kinasoma chini sana. Kwa kazi hii tumia cha kuchomeka.

*Niko Ulaya, karibu na bahari, na leo ninasoma 99.2.* Huko kanieneo ya hewa inapanda na kushuka sana kulingana na dhoruba. Kila hektopaskali 10 zikipungua, kuchemka kunashuka kwa karibu nyuzi 0.3. Angalia taarifa ya hali ya hewa ya siku hiyo. Afrika Mashariki mabadiliko hayo ni madogo, yapuuze.

*Nta yangu haigomi, inashuka tu.* Ni kidogo mno, au upepo unaipoza haraka. Ongeza kiasi na ulifunge kopo kwa taulo. Ikiendelea kuteleza bila kusimama popote, huo ni mchanganyiko wa vitu vingi, na haina namba moja ya kukupa.

*Mbona Erasto Mpemba, yule Mtanzania, aliona maji ya moto yanaganda mapema?* Alichokiona akitengeneza aiskrimu alipokuwa mwanafunzi wa sekondari ya Magamba mwaka 1963, na kukichapisha pamoja na mwanafizikia Denis Osborne mwaka 1969, kinahusu muda wa kufika kwenye kuganda. Kiwango chenyewe hakikubadilika: mchanganyiko wa aiskrimu, uwe uliwekwa wa moto au wa baridi, unaganda kwenye joto lilelile. Ukitaka kurudia jaribio lake, kipimajoto ulichokikagua leo ndicho cha kuanza nacho, na vikombe viwili vilingane kwa ukubwa, kiasi cha maji na mahali vilipowekwa kwenye friza.